Mchunga wa Bibi na Majina Yake

Lebo inayobandikwa kwenye karatasi ya mmea uliokaushwa huwa na nafasi ya jina la kisayansi, mahali mmea ulipochumwa, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari na jina la mchumaji. Chini yake, aghalabu katika mstari mfupi kuliko yote, huwa na nafasi ya jina la kienyeji. Katika shughuli yangu ya kukusanya mimea ya Muheza, mkoani Tanga, nimepitia lebo nyingi za namna hiyo, na nimeona jinsi mstari huo wa mwisho unavyoachwa mtupu mara kwa mara, kana kwamba mchumaji alifika mahali pasipokuwa na mtu wa kumuuliza. Mmea ulionifundisha uzito wa mstari huo ni mchunga, mboga ya porini niliyolelewa nayo, ambayo wanasayansi wanaiita Launaea cornuta.

Wenyeji wa Tanga na wa pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa mchunga ni nini. Kwa msomaji wa mbali, nitasema kwamba ni mmea wa kudumu usio na shina gumu kama la mti. Majani yake ya chini hujipanga duara juu ya ardhi, marefu, membamba, laini, yamekaa bila vikonyo, na kutoka katikati yake huinuka shina la kijani lenye uwazi ndani, ambalo likipata mvua nzuri huweza kufikia mita 1.5. Ukikata jani, shina au mzizi, hapo hapo hutoka utomvu mweupe kama maziwa, unaonata vidoleni na kuacha doa. Maua yake ni ya manjano hafifu. Ukiyatazama kwa makini utagundua kwamba kile unachokidhania kuwa jani moja la ua ni ua kamili lenye meno matano nchani, na kwamba maua mengi madogo yamefungwa pamoja ili yaonekane kama ua moja. Mbegu zikikomaa huota manyoya meupe, na upepo huzichukua.

Mchunga huota mahali ambapo binadamu amepita: kandokando ya njia, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, penye vifusi na kwenye matuta ya muhogo. Eneo lake ni pana mno, maana hupatikana kutoka Nigeria hadi Ethiopia, na kusini hadi Zimbabwe na Msumbiji. Kwa bibi yangu mzaa mama, ulijaa chini ya michungwa. Muheza ni nchi ya machungwa, na kwa mtoto anayejifunza kuandika, mchunga ulioota chini ya mchungwa ni mtihani wa kweli, kwa kuwa herufi moja tu ndiyo inayotenganisha mboga chungu na tunda tamu. Bibi hakuipanda mboga hiyo hata siku moja, wala hakuimaliza. Alipolima aliikata pamoja na magugu mengine, na wiki chache baada ya mvua alirudi na ungo kuichuma palepale alipoipiga jembe.

Upishi wake ni wa watu wenye subira. Majani machanga huchambuliwa, huoshwa, hukatwa na kuchemshwa, kisha maji ya kwanza humwagwa na majani hukamuliwa ili uchungu upungue. Wako wanaorudia mara mbili. Bibi alirudia mara moja tu, kwa sababu aliamini kwamba mchunga uliopoteza uchungu wote umepoteza na sababu ya kupikwa. Baada ya hapo aliuchanganya na majani ya kunde au mchicha, akautia nyanya, kitunguu na tui la nazi, akauacha uchemke taratibu mpaka tui lishikamane na mboga. Tuliula kwa bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, pamoja na samaki wa kukaanga ikiwa siku ilikuwa njema. Ladha yake huanza kwa utamu wa nazi, na uchungu huja nyuma, kooni, ukakaa. Sijapata mboga nyingine inayokaa mdomoni kwa namna hiyo, na nikiwa mbali na nyumbani huo uchungu ndio ninaoutamani, wala si utamu.

Jina lenyewe, kwa maoni yangu, limetokana na uchungu huo. Kiswahili kina mchunga wa aina mbili, na ngeli ndiyo inayowatenganisha: wachunga ni watu walio nyuma ya mifugo, michunga ni mimea. Msomaji anaweza kudhani kwamba mmea umepewa jina kutokana na kazi ya kuchunga, labda kwa kuwa wachungaji huuona njiani, lakini lugha za jirani zinaelekeza kwingine. Wadigo na Wagiriama huuita mutsunga. Mwenye kuzijua lugha hizo anafahamu kwamba penye sauti ya ch katika Kiswahili, mara nyingi wao huwa na ts: mchanga wetu kwao ni mutsanga, chini yetu ni tsini, na uchungu wetu ni utsungu. Mutsunga na utsungu, mchunga na uchungu, ni jozi zinazokwenda sambamba katika lugha zote hizo. Wakikuyu wana muthunga, na mchanga wao ni muthanga, hivyo kanuni ileile inafuata hata mbali na bahari. Wasambaa wa milimani juu yetu husema mshunga. Haya si majina manne yaliyozuliwa na watu wanne. Ni neno moja lililosafiri pamoja na wasemaji wake tangu kabla lugha hizo hazijatengana, na kwa hiyo ni ushahidi kwamba watu walikuwa wakiionja mboga chungu na kuitaja kwa jina hilo zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuandika Kilatini juu ya mimea ya Afrika Mashariki. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, walitazama kitu kingine: wao huuita achak, na chak katika lugha yao ni maziwa.

Jina la kisayansi lina safari yake pia, na nimegundua kwamba watu wengi wanaoliheshimu hawajui kuwa nalo limehamahama. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliweka utaratibu wa kila mmea kuwa na maneno mawili, la kwanza la jenasi, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu, na la pili la spishi, yaani aina yenyewe, na utaratibu huo ndio unaotumika hadi leo duniani kote. Mchunga uliingia katika vitabu vya wasomi baadaye sana. Mjerumani Christian Ferdinand Hochstetter, aliyefariki mwaka 1860, ndiye aliyeupa jina bila kulichapisha pamoja na maelezo yanayotakiwa. Waliokuja kulichapisha ni Daniel Oliver na William Philip Hiern, mwaka 1877, katika juzuu la tatu la kazi kubwa ya bustani ya Kew, Uingereza, juu ya mimea ya Afrika ya kitropiki. Wao waliuita Sonchus cornutus. Mwaka 1966 Charles Jeffrey, naye wa Kew, alipoichunguza upya mimea ya kundi hilo katika Afrika Mashariki, aliona kwamba mahali pake si ndani ya Sonchus bali ndani ya Launaea, akauhamisha. Historia hiyo yote imefungwa katika majina ya watu yanayofuata jina la mmea katika vitabu vya kitaalamu: Launaea cornuta (Hochst. ex Oliv. & Hiern) C.Jeffrey. Waliomo ndani ya mabano ni wa jina la kwanza, neno ex linaonyesha kwamba mmoja alibuni na wengine wakachapisha, na aliye nje ya mabano ndiye aliyeuhamisha. Mtu aliyezoea kuisoma nasaba ya ukoo ataielewa mara moja.

Launaea lilibuniwa na Mfaransa Henri Cassini mwaka 1822, kwa heshima ya Mordant de Launay, aliyekuwa mtunza maktaba wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris. Hivyo nusu ya jina rasmi la mboga ya bibi yangu ni kumbukumbu ya mtu wa Paris ambaye hakuionja. Sisemi hivyo kwa kinyongo, kwa kuwa jina la jenasi linabeba spishi nyingi na halikukusudiwa mchunga peke yake. Nusu ya pili, cornuta, ni Kilatini na maana yake ni yenye pembe, nayo nilipoielewa nilirudi shambani nikayatazama majani upya. Yale yaliyokomaa mara nyingi huwa na ndimi zinazochomoza pembeni, zenye ncha, kama pembe za mbuzi mdogo. Nilikuwa nimeyachambua majani hayo maelfu kwa vidole vyangu nisizione. Liko pia jina jingine la kisayansi la mmea huu huu, Sonchus exauriculatus, ambalo sasa limewekwa kando kama kisawe, na lenyewe maana yake ni usio na masikio, yaani zile ncha za chini ya jani zinazolikumbatia shina. Mmoja alitazama jani akaona pembe, mwingine akatazama akaona masikio hayapo.

Masikio hayo yanayokosekana ndiyo yaliyonipeleka kwenye kosa langu. Nilipoanza kukusanya mimea nilikuwa nikiandika lebo kwa kunakili orodha za majina ambazo watu hupeana, na katika orodha niliyokuwa nayo mchunga ulikuwa umewekwa mbele ya Sonchus oleraceus. Nilinakili hivyo kwa muda mrefu. Orodha haikuwa ya uongo kabisa, maana ziko sehemu ambako watu huita mmea huo mchunga, nao una utomvu mweupe, maua ya manjano na majani yanayoliwa. Neno oleraceus lenyewe linaeleza kitu cha jikoni, mboga. Kwa mtazamaji wa haraka mimea hii miwili ni mmoja.

Bibi ndiye aliyenisahihisha, ingawa hakuwa akinisahihisha mimi. Mjomba alishuka siku moja kutoka Lushoto na fungu la mboga alilolinunua sokoni huko, ambalo muuzaji alimwambia ni mshunga, akamletea mama yake kama zawadi. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaligeuzageuza. Alipitisha kidole kwenye kingo za majani, ambazo zilikuwa na meno meno yenye kuchoma kidogo, akaonyesha jinsi jani lilivyolikumbatia shina kwa masikio mawili yenye ncha, kisha akashika mzizi uliokuwa bado umeshikamana na mmea, mmoja, mnyoofu, kama karoti nyembamba. "Mwanangu," alimwambia mjomba, "huyu ni ndugu yake mchunga, si mchunga mwenyewe. Mchunga haung'oki hivi." Aliipika mboga ile na tukaila, nayo ilikuwa nzuri, na uchungu wake ulikuwa hafifu zaidi.

Niliyafikiria maneno yale usiku kucha. Mnamo 1877 wataalamu wawili wa Kew waliuweka mchunga ndani ya Sonchus kwa sababu waliona udugu, na mwaka 1966 mtaalamu mwingine akautoa kwa sababu aliona tofauti. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kitabu cha mimea, alikuwa amesema yote mawili katika pumzi moja: ni ndugu, wala si yeye. Na udugu huo ni wa kweli. Mimea yote miwili ni ya familia iitwayo Asteraceae au Compositae, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinaruhusu familia hiyo majina yote mawili, ambayo ni familia ya alizeti na pareto. Ndani ya familia hiyo iko katika ukoo mdogo wa mimea yenye utomvu mweupe, ukoo mmoja na saladi ya bustanini. Saladi kwa Kilatini ni Lactuca, jina lililotokana na neno lac, maziwa, jambo linalomweka Mjaluo aliyesema achak na Mrumi wa kale katika fikra moja. Uchungu wa saladi na wa jamaa yake chikori hutokana na viambato vilivyomo ndani ya utomvu huo, mojawapo kikiitwa laktusini, na wakulima wa vizazi vingi wamekuwa wakichagua mbegu za saladi zenye uchungu kidogo zaidi. Mchunga haukuchaguliwa na mtu. Umebaki na uchungu wake wote.

Kwa hiyo jina mchunga peke yake halinitoshi ninapoandika lebo, maana akilisoma mtu wa wilaya nyingine anaweza kuuona mmea mwingine. Jambo hili linakuwa zito zaidi linapoingia dawa. Kwetu maji yaliyochemshiwa mizizi ya mchunga hunywewa kwa maumivu ya tumbo, na wako wanaoyanywa kwa homa. Nimesikia pia watu wakiutetea kuwa dawa ya malaria kwa hoja kwamba ni mchungu kama kwinini. Kwinini hutoka katika gome la mti wa sinkona, ambao Wajerumani waliupanda hapa hapa wilayani kwetu, Amani, na huenda kumbukumbu ya gome lile ndiyo iliyotufundisha kwamba kinachochoma ulimi hufukuza homa. Lakini uchungu si kiambato kimoja. Kuna vitu vichungu vya kila namna, na mwenye homa anapaswa kupimwa na kupewa dawa iliyothibitishwa, hata kama mchunga umo chunguni. Mtu akinieleza kwamba mchunga umemponya, swali langu la kwanza ni mchunga upi, na swali hilo halijibiwi bila jani kuonekana na jina lake la pili kuandikwa.

Nimeitaja Amani, na haitakuwa haki nipite bila kusimama. Mwaka 1902, juu ya milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na sampuli za mimea zilizoanza kukusanywa pale ndizo zilizokuwa mwanzo wa hifadhi kubwa ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi na iko huko hadi leo. Wakati wa Waingereza alifanya kazi Amani mtaalamu wa mimea aitwaye P. J. Greenway, ambaye alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea na kuyapanga katika kamusi pamoja na majina ya kisayansi na ya Kiingereza. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Hubaki nikiwaza juu ya wale waliomjibu. Kila jina la Kiswahili katika kamusi ya namna hiyo lilitoka mdomoni mwa mtu aliyesimama njiani, akainamia mmea, akautaja. Lebo za zamani zina majina ya wachumaji kwa ukamilifu. Aliyejibu hutajwa mara chache sana, na ndiyo maana mimi huandika kwenye daftari langu nani aliniambia nini na alikuwa akifanya kazi gani, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Nilipoamua kuzirekebisha lebo zangu nilitaka kuanza na mchunga wa nyumbani, uliochumwa nyumbani. Nilifika kwa bibi asubuhi wakati wa vuli, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mume wangu," kama alivyoniita tangu nikiwa mtoto. Nilikwenda chini ya michungwa nikachagua mmea wenye maua na majani ya umri mbalimbali, nikaukata kwa kisu usawa wa ardhi, nikaurudisha barazani, nikautandaza juu ya gazeti. Bibi aliutazama kwa muda. Aliuliza maneno niliyoyaandika kwenye karatasi yana maana gani. Nikamweleza kwamba moja ni jina la mtu wa Ufaransa na jingine ni pembe, nikamwonyesha pembe zenyewe, naye akakubali kwamba zipo. Nikamwambia kwamba katika mstari wa chini nimeandika mchunga, na kando yake mutsunga na mshunga, kwa ajili ya watu wa kaskazini na wa mlimani.

"Uchungu umeuandika," alisema, "na pembe umeziandika. Na huku chini?"

Sikumwelewa mpaka aliponyanyuka kuchukua jembe. Alitangulia hadi kwenye kile kisiki cha kijani nilichokiacha, akachimba kwa upole, akafuata kwa vidole mzizi mweupe uliokuwa ukienda ubavuni, chini kidogo ya ardhi, hatua moja, hatua ya pili, na katika kila pingili palikuwa na chipukizi lililoelekea juu. Kile ninachokiita mzizi ni shina linalotambaa chini ya ardhi, na hilo ndilo linaloufanya mchunga kuwa mmea wa kudumu. Kiangazi kinapokausha majani yote, shina lile la chini linabaki hai, na mkulima anayelikata kwa jembe analigawa tu, kila kipande kikawa mmea. Bibi alikuwa ameishi na shina lile kwa maisha yake yote ya kulima, likimsumbua na kumlisha, na hapakuwa na jina lolote kati ya yale niliyomsomea, la Kiswahili wala la Kilatini, lililolitaja.

Mzizi wenyewe, tulipoutoa wote, ulikuwa mrefu kuliko gazeti mara mbili. Tuliuosha, tukaukunja mara mbili katika umbo la herufi N, kama inavyofanywa kwa mimea mirefu, tukauweka kando ya shina na maua, na bibi akaushikilia kwa vidole ili usichomoke nilipokuwa nikifunga mbao za kuukandamizia mmea ukauke. Katika nafasi ya maelezo niliandika: mmea wa kudumu; shina la chini hutambaa; likikatwa huchipua upya. Kisha, kwa ruhusa yake, nikaandika kwamba aliyelichimba ni mkulima wa mahali hapo.